Mhandisi wa umeme asifungiwe mlango



Mimi ni mhandisi wa umeme, mkazi wa Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda. Niliomba nafasi ya shahada ya uzamili katika sayansi ya kompyuta. Chuo kikanijibu kwa mstari mmoja kwamba shahada yangu haihusiani. Imeniuma.

Shahada ya umeme ni miaka minne ya hesabu, saketi na programu. Tunachopungukiwa ni miundo ya data, algoriti na mifumo endeshi, mambo ya muhula mmoja au miwili. Na kazi ya mhandisi anayejua kompyuta ipo. Kwa miaka mingi West Nile ilitegemea jenereta na mtambo wa umeme wa maji wa Nyagak wa megawati 3.5, ulioanza 2012. Nimekesha Arua kando ya jenereta nikiandika mzigo wa umeme daftarini kila nusu saa, tochi ya simu mdomoni. Kompyuta ingeifanya kazi ile vizuri zaidi, ila anatakiwa mtu wa kuiandikia programu anayezijua pia nyaya.

Nakiomba Chuo Kikuu cha Muni, kilicho Arua, kituandalie wahandisi kozi fupi ya maandalizi mwishoni mwa juma. Nauli ya kutoka Koboko tutajilipia wenyewe.

Mhandisi,
Koboko