WANAGENZI WA SANAA WAFUNDISHWE HESABU NA BEI



Wengi wetu wa Changamwe, twendapo zamu na turudipo, hupita njia ile iendayo uwanja wa ndege, na masikio yetu yamezoea mlio wa tezo kutoka vibanda vya wachongaji wa Kikamba. Tumeuzoea hata hatuusikii tena. Lakini chama kile cha ushirika ni cha mwaka 1963, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata uhuru, nacho kimekula chumvi kuliko vyama vingi vya wafanya kazi vilivyoanza kwa makelele vikafa kwa ugomvi wa fedha. Twataka leo kusema neno juu yake, na juu ya mafundi wengine wa sanaa wanaofundisha vijana, maana tumeona ya kwamba jambo hili latuhusu sisi wa reli, wa bandari na wa viwanda kuliko tunavyodhani.

Latuhusu kwa kuwa watoto wetu wako huko. Kazi za reli si zile za baba zetu. Garimoshi la abiria la njia ya zamani lilikoma kwenda Nairobi mwaka 2017, na reli mpya ikaanza Miritini mwaka huo huo, na mambo mengi yaliyofanywa kwa mikono ya watu sasa hufanywa na mashine. Kijana wa Kisauni au wa Likoni amalizapo shule hushika brashi, au kamera, au gitaa, au cherehani. Mzee wake humwambia, "Tafuta kazi." Twawaomba wazee waliache neno hilo. Kuchonga ni kazi, na kuchora ni kazi. Kinachokosekana ni ujira, na ujira hukosekana kwa sababu ambayo sisi wa chama yatupasa kuielewa mbele ya watu wote: yule kijana hajui bei ya kazi yake, na anayeinunua aijua.

Ufundi wa Wakamba wenyewe ulienea kwa kufundishana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alichukuliwa kwenda vitani katika nchi ya Wadachi, ambayo sasa ni Tanzania bara. Huko aliona wachongaji wa Kizaramo, akajifunza. Aliporudi kwao akaanza kuchonga vitu vya kuuza, akafundisha jamaa zake, na kutoka kwa jamaa kazi ikaenda kwa majirani, na kutoka Wamunyu ikafika Nairobi, na Malindi, na hapa kwetu. Hakuna shule iliyojengwa kwanza. Fundi alikaa chini, na mwanagenzi akakaa karibu naye.

Hapa Changamwe jambo la maana ni namba. Mwanachama ana namba yake, na kitu alichokichonga hutiwa namba hiyo pamoja na bei, kikawekwa katika duka la ushirika. Kikiuzwa, fedha huandikwa kwa namba ile, na chama hukata sehemu yake kwa gharama za duka. Mchongaji hasimami barabarani kuvutana na mgeni, wala hamngoji dalali aje na noti mbili mkononi jioni ile ambayo nyumbani hakuna unga. Nani kati yetu haoni ya kwamba huu ndio umoja ule ule tunaouhubiri sisi? Mtu mmoja mbele ya tajiri ni mnyonge. Namba mia mbili katika duka moja zaweza kusema bei na bei ikasikiwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo vijana wengi huangukia. Tuchukue mfano wa kubuni, kila mtu aupime kwa penseli yake. Kijana achonga twiga kwa siku mbili. Mti amenunua kwa shilingi 300, msasa na rangi ya kung'arisha 80, nauli ya siku mbili 200, na kwa kuchakaa kwa patasi na tezo tutie 50. Jumla ni 630. Dalali ampa 900. Kijana atoa 300 za mti peke yake, aona 600 zimebaki, afurahi, aenda kumnunulia rafiki yake soda. Lakini kweli ni kwamba zimebaki 270, kwa siku mbili, yaani 135 kwa siku. Kibarua wa kubeba kokoto angekataa. Kama angejihesabia ujira wa kibarua tu, tuseme 700 kwa siku, twiga yule asingetoka mkononi mwake chini ya 2,030, na hapo bado hajatia faida hata senti moja.

Fundi aliye mwema humfanyia mwanagenzi hesabu hii kabla hajampa mti wa pili. Humfundisha kuandika kitabu: siku hii nimenunua kadha, siku hii nimeuza kadha, huyu anadaiwa. Humfundisha kutoa risiti, na kupokea arbuni kabla ya kuanza kazi ya kuagizwa, na kutompa mgeni bei ya leo ambayo kesho haitalipa mti. Humfundisha na habari za mti wenyewe. Mpingo na muhugu vilichongwa miaka mingi mpaka vikawa haba, na leo wanunuzi wa ng'ambo huuliza mti umetoka wapi. Kwa hiyo wachongaji wengi wamegeukia mwarobaini na mwembe, miti ipandwayo shambani. Kijana asiyejua jibu la swali hilo amepoteza mnunuzi, hata kama twiga wake ni mzuri kupita wote.

Na humfundisha asiwe na mlango mmoja tu wa kuuzia. Mwezi wa Agosti 1997 machafuko yalipotokea Likoni, watalii waliondoka pwani. Mwaka 2020 maradhi ya korona yakafunga hoteli na viwanja vya ndege. Aliyekuwa akimtegemea mtalii peke yake alijuta mara mbili. Mbao za kuchonga zahitajiwa misikitini, makanisani, katika milango ya nyumba za watu wetu wenyewe. Kule Bombolulu, upande wa Kisauni, walipoanzisha karakana mwaka 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, walitia mikufu, nguo na vitu vya ngozi pamoja na vya mti, na wakatafuta wanunuzi ng'ambo pamoja na wale wanaokuja wenyewe mlangoni.

Wenzetu wa Dar es Salaam nao wana la kutufunza. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya ubao mwembamba, maana ndiyo iliyokuwa rahisi kupatikana. Picha zikanunuliwa Oyster Bay. Hakuwa na cheti cha shule yo yote ya kuchora, lakini aliwaweka karibu naye vijana wachache, wengine jamaa zake, akawafundisha kuchora na kuuza kwa pamoja. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mwizi, akafa. Kama angalikuwa bwana mmoja na siri yake, kazi ingalizikwa naye. Wanafunzi wake waliendelea pamoja, na mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika. Jina lake laitwa duniani kote mpaka leo. Ni kweli pia ya kwamba wengi huuza picha kwa jina hilo bila ya kuwa na uhusiano na wanafunzi wake, na hili latupeleka kwenye jambo la haki ya mtunzi.

Tazameni kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mtaa wa Biashara, lililoanza mwaka 1887, hutia maneno "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake, na mama wa shamba asiyejua kusoma huitambua alama hiyo. Mwenye duka alijua biashara, na hatumlaumu. Lakini nani awezaye kututajia jina la aliyechora ua la kanga ile? Na katika muziki ni vivyo hivyo. Wimbo wa Malaika umeimbwa duniani kote, na Fadhili William aliyefariki mwaka 2001 ndiye aliyeutia sahanini hapa Kenya, lakini watu wengine walijitokeza kudai ya kwamba wao ndio waliotunga, na ubishi haujaisha. Karatasi moja iliyotiwa sahihi na tarehe siku ile ingalinyamazisha watu wengi.

Katika mkutano uliopita mwanachama mmoja wa kazi ya njia alitueleza habari ya mwanawe. Kijana alichora ukuta mzima katika hoteli moja ya pwani, hatutaitaja, kazi ya majuma matatu. Alipewa rangi, chakula na nauli, akaambiwa ya kwamba watu wataiona kazi yake. Baadaye picha ile ile ikaonekana juu ya vikombe na mifuko iliyouzwa humo humo hotelini. Mzee akauliza, je, chama chaweza kusema neno?

Tumeuliza kwa wajuao, na jibu halipendezi. Sheria ya Haki ya Mtunzi ya mwaka 2001 yasema haki ni ya mtunzi kwanza, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, basi haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamepatana vingine. Maana yake, kijana asipoandika neno, amekwisha kutoa. Angaliandika mistari mitatu tu, ya kwamba picha ni ya ukuta huu peke yake, na ikitumika mahali pengine nitalipwa, vikombe vile vingalimletea fedha kila mwezi. Lakini ujira wa kazi ya mikono yake ni shauri jingine. Ikiwa kulikuwa na mapatano ya malipo, hata ya mdomo, aweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, wala halazimiki kuwa na wakili. Tumemwambia mzee hivyo. Akasema, mbona hakuna aliyemwambia kijana kabla ya kuchora? Sisi pia twauliza.

Wako wanaojiita walimu. Hatuna budi kusema wazi. Kuna semina nyingi siku hizi, katika kumbi zenye baridi, ambapo mtu ambaye hajapata kuuza hata picha moja hufundisha vijana namna ya kuuza picha. Hupewa kalamu, chai, nauli na cheti, na wote hupigwa picha pamoja. Hatusemi kila semina ni bure. Twasema tu ya kwamba kijana amwulize mwalimu wake: wewe mwezi uliopita umeuza nini, na kwa bei gani? Fundi anayekula kwa kazi hiyo hujibu mara moja, na mara nyingi hujibu kwa masikitiko, na masikitiko hayo ndiyo elimu.

Lakini na baadhi ya mafundi tunao ugomvi nao. Kuna mwanagenzi anayepiga msasa mwaka mzima, afagia, apika chai, abeba mti begani, na siku mnunuzi ajapo huambiwa atoke nje. Huyo hafundishwi, anatumikishwa. Sisi wa reli twajua uanagenzi wa maandishi: miaka mingapi, ujira gani, nani atoa vyombo, mtihani lini. Watu waliotutangulia hawakupewa hayo kwa hisani, waliyadai. Fundi wa sanaa amwandikie mwanagenzi wake karatasi moja, hata iwe ya daftari la shule: nitakufundisha hiki na hiki, muda huu, na utakaa nami siku ya kuuza. Akikataa kukaa naye siku ya kuuza, mzazi na amwondoe mtoto wake.

Twajua pia ya kwamba mtu anayejifanyia kazi mwenyewe, asiye na mwajiri, ni vigumu kuandikishwa katika chama cha wafanya kazi kama chetu, kwa kuwa sheria ya vyama hutazama aliyeajiriwa. Njia yake ni ushirika. Kwa hiyo hatuwaiti wachoraji na wapiga gitaa waje walipe ada kwetu. Twasema waandikishe ushirika wao, na sisi tuwasaidie kwa tunavyovijua: kuandika muhutasari wa mkutano, kutunza kitabu cha fedha, kusoma mkataba mpaka maandishi madogo ya chini, na kukataa kutia sahihi upesi upesi. Mambo haya tumejifunza kwa kuumia, tena miaka mingi.

Halmashauri ya tawi imekubali kutoa chumba cha ofisi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa nane mchana. Wachongaji wawili na mchoraji mmoja wa mabango, wote wakiwa kazini mpaka leo, wameahidi kuja bila malipo. Katibu atafundisha risiti na kitabu cha fedha. Mwenye mtoto, awe wa kiume au wa kike, amlete na daftari, penseli, na kitu kimoja alichokitengeneza kwa mkono wake, pamoja na hesabu ya alichotumia. Wa Likoni wasichelewe kwa kisingizio cha feri, watoke mapema. Chai haitatolewa.