Mke Akipoa, Kabla ya Kulaumu Jini Uliza Dawa Anazotumia

Hapa kwetu Pwani mke akipoa kitandani, majibu huwa tayari: ana mwanamume mwingine, ana jini mahaba, au kungwi wake hakumfunda. Jibu jingine, lililo ndani ya mkoba wake wa dawa, ni nadra kulisikia barazani.

Zipo dawa za kawaida zinazoweza kupunguza hamu ya mwanamke. Zinazojulikana zaidi ni za msongo wa mawazo na wasiwasi, kama fluoxetine na sertraline. Huongeza nguvu ya kemikali ya serotonini kwenye ubongo, mgonjwa akapata nafuu, lakini serotonini hiyo hiyo huweza kuzima ashiki na kumchelewesha mwanamke kufika kileleni, au asifike kabisa. Baadhi ya dawa za presha nazo zimo, hasa za zamani. Ama tembe za kupanga uzazi, wake hawafanani: wengine hamu hushuka, wengi hawaoni tofauti, na wapo ambao hamu hupanda kwa kuwa hofu ya mimba imeondoka. (Kwa hivyo mume anayetaka kutumia makala hii kumkataza mkewe sindano ya miezi mitatu, samahani, sikumwandikia yeye.)

Tena maradhi yenyewe, kama kisukari au huo msongo, huondoa hamu hata bila dawa. Ndiyo maana swali la kwanza ni hali ilianza lini, kabla ya dawa au baada yake.

Kinachoniudhi ni kimya. Viagra ya wanaume iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa wanawake waliopoteza hamu, flibanserin, ilingoja hadi 2015. Na hapa Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa faida na hatari za matibabu. Lakini mwanamke mwenye buibui lake, foleni nyuma yake, mbele yake kijana wa kaunta mwenye umri wa mwanawe, atauliza vipi jambo hili? Tunasema wanawake wetu wana haya. Mimi naona hawajapewa chumba chenye mlango wala muuguzi wa kike wa kumsikiliza. Hilo kaunti zetu zinaliweza.

Wazee wanaosuluhisha ndoa nao, kabla talaka haijatamkwa, waulize kuhusu dawa.

Dada yangu, usiziache ghafla. Presha ikipanda huleta kiharusi, na msongo hurudi. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kukubadilishia dawa, ila lazima ajue. Mwambie: tangu nianze dawa hii, mume wangu simtamani. Ikiwa ulimi ni mzito, iandike kwenye karatasi umpe asome.