Msimamizi Afike Kando ya Kitanda
Kati ya mwaka 2009 na 2014, Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Ikiwa utafiti mkubwa kiasi hicho ulifika huko, ualimu wa kitabibu hauna sababu ya kuishia mijini. Daktari wa Handeni, wilaya jirani, anayemhudumia mtoto mwenye homa kali ilhali kipimo hakikuonesha malaria, akisikia neno “usimamizi” asitarajie ukaguzi wa rejesta pekee. Anahitaji mwalimu atakayemchunguza mtoto pamoja naye, asikilize hoja zake, amsahihishe bila kumfedhehesha, kisha arudi tena. Usimamizi huo ni sehemu ya tiba anayostahili mtoto yule.