SEHEMU YA 4: Stika ya ukaguzi haijawahi kushuka mlima na mwanao

Leo siandiki kuhusu homa wala kunyonyesha. Mmoja wenu ameniuliza inboksi: mume wake amepata pikipiki kubwa ya safari, ya zamani, bei nzuri, na ina stika ya ukaguzi ya mwaka huu. Je, waende nayo kijijini na mtoto wa miaka mitano? Nilitaka kumjibu mistari miwili, nikajikuta naandika insha. Basi someni wote.

Jibu langu ni hapana, bado. Na hiyo stika isikutulize.

Nasema hivi kwa sababu na mimi ilinituliza. Baba Nasra alinunua pikipiki ya aina hiyo, ya mwaka 1994, kwa mgeni aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Inang'aa, injini inanguruma vizuri, tairi si kipara, stika ina wiki tatu. Tukaenda Lushoto kumsalimia mama mkwe. Nasra alitakiwa akae katikati yetu, ila usiku ule akapata mafua, nikamwacha kwa dada yangu. Mafua tu, jamani.

Kwenda hakukuwa na shida, unapanda. Kurudi ndiyo ilikuwa kazi. Anayeijua barabara ya Lushoto kwenda Mombo anajua: ni kona juu ya kona, huku ukuta wa mlima, huku bonde. Mzigo nyuma, watu wazima wawili, na Baba Nasra kashika breki ya mbele muda wote. Tulipoipita Soni nikamsikia anasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Nasra, nishike vizuri." Breki ya mbele ilikuwa imezama mpaka kwenye mkono wa usukani, na pikipiki haipungui mwendo. Akashusha gia, akakanyaga ya nyuma, akaibana pikipiki upande wa ukuta mpaka ikasimama kwenye majani. Mimi ninayetuliza ndugu za majeruhi kila wiki, nilishindwa kufungua mkanda wa helmeti yangu kwa kutetemeka.

Tukakaa pale karibu saa nzima. Halafu ajabu: breki ikarudi! Ngumu, nzuri kabisa, kama haijawahi kufanya kitu. Tukashuka taratibu kwa gia mpaka Mombo kwa fundi mmoja mzee. Akafungua kale kakopo ka mafuta ya breki, akaniita nione. Yalikuwa meusi kama kahawa. "Mwanangu, haya yamekunywa maji miaka," akasema.

Niliyojifunza pale ndiyo nataka uyajue wewe unayempakia mtoto. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa polepole, hata pikipiki ikiwa imelala ndani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155 tu. Ukishika breki mfululizo kwenye mteremko, diski inapata moto, moto unafika kwenye mafuta, yanachemka, unatokea mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Kwa hiyo mkono unazama na gurudumu halishikwi. Yakipoa, kila kitu kinarudi kama kawaida.

Sasa jiulize, ukaguzi unafanyika pikipiki ikiwa wapi? Imesimama, imepoa, haina abiria. Mkaguzi anawasha taa, anapiga honi, anabonya breki, anaangalia tairi. Sitaki mniambie alikula hela, maana najua mtasema. Hata angekuwa mwaminifu kuliko wote, breki yangu ingefaulu mbele yake asubuhi ile.

Sisi wa kliniki tunalijua hili. Presha yako ikiwa 120/80 leo, sikuambii usirudi mpaka siku ya kujifungua. WHO tangu 2016 wanasema mjamzito aonwe angalau mara nane, na bado nakufundisha dalili za hatari za kuangalia nyumbani, kwa sababu kifafa cha mimba hakisomi kadi yako. Kwa nini basi pikipiki yenye umri wa kuzidi mama zake wengi tunaiamini kwa stika moja?

Najua baba mmoja atakuja hapa chini kusema, "Pikipiki za zamani ni chuma, si kama hizi za siku hizi." Kweli kaka, chuma. Lakini anayekusimamisha ni mpira na mafuta: paipu ya breki, sili, tairi. Hivyo vinazeeka hata usipoendesha, na pikipiki ya kukaa ndani huwa ndiyo imesahaulika zaidi. Tairi letu la nyuma lisilo kipara lilikuwa na tarakimu nne ubavuni: 1108. Maana yake wiki ya 11, mwaka 2008. Hakuna aliyetuambia tuzisome, na mimi nadhani ukaguzi wa chombo cha zamani ulitakiwa uziandike kwenye karatasi, pamoja na tarehe mafuta ya breki yalipobadilishwa. Kuandika hakuchukui hata dakika mbili.

Mpaka hapo, kagua mwenyewe. Angalia kidirisha cha kakopo kwenye usukani: rangi ya asali nyepesi sawa, kahawa hapana. Shika breki ya mbele kwa nguvu uhesabu hadi 30. Ikizama polepole, usitoke. Mafuta yabadilishwe kila miaka miwili hata kama hamjasafiri. Ubavu wa tairi ukiwa na nyufa, usibishane nao.

Na la kwangu la wodini: mtoto anayening'iniza miguu, kisigino kinaingia kwenye spoki, au mguu unagusa bomba la moshi. Akiungua, maji safi ya bomba yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno acha kwenye mswaki.

Pikipiki bado ipo nyumbani, Baba Nasra hakubali kuiuza, tushazozana vya kutosha. Mafuta mapya, paipu mpya, tairi mpya, na Nasra anaenda kwa bibi yake na basi.

Mama uliyeniuliza: mwambie mzee amuulize muuzaji mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Akianza kuonyesha stika, ujue hajui. Halafu piga picha ubavu wa tairi zote mbili unitumie, nikitoka zamu nitakusomea namba.