Tovuti ya Lubumbashi ifunguke na Mitwaba

Serikali inataka mambo yake yahamie kwenye intaneti. Sheria ya numeriki ilitoka Machi 2023, na ofisi na mashirika yanatafuta vijana wa kuyajengea tovuti zenye fomu, akaunti na malipo. Hapo ubishi unaanza: React au Angular? Vue? Ama PHP ya zamani? Ubishi huo si wa mafundi peke yao. Atakayelipia matokeo yake ni mkaaji wa Mitwaba, anayenunua mega kidogo kidogo na kungojea reso.

Tofauti ni hii. Kwa PHP, iliyoanza 1995, kazi inafanyika kwenye seva: ukurasa unaandaliwa kule na kufika kwenye simu ukiwa tayari kusomwa. React ya Facebook (2013), Angular ya Google na Vue, kwa namna zinavyotumiwa mara nyingi, zinasukuma kazi kwenye simu yenyewe. Kwanza unafika ukurasa karibu mtupu, halafu programu ya JavaScript inapakuliwa, kisha ndipo simu inajenga kile unachotaka kuona. Reso ikikatika katikati, unaangalia weupe tu, na mega zimekwisha kwenda.

Hatusemi React ni mbaya. Muuguzi anayetumia programu ileile kila juma anaweza kuipakua mara moja akiwa penye reso nzuri, ajaze hesabu ya wagonjwa bila intaneti, azitume siku atakapoipata. Kwa kazi kama hiyo uzito wa mwanzo unajilipa. DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo ambayo wizara yetu ya afya inatumia kukusanya takwimu za zone za afya, ina sehemu nyingi zilizojengwa kwa React, na ile ya Android inakubali kujazwa bila reso.

Lakini mzazi anayetafuta namna ya kuandikisha mtoto, au mchimbaji anayeuliza karatasi yake imefika wapi, anaingia labda mara moja kwa mwaka. Kumpakulisha programu nzima kwa ajili ya fomu ya mistari sita ni kumtoza kodi ambayo hakuna sheria iliyoiweka. Kwake seva ifanye kazi, simu ipokee maandishi mepesi. Tena mara nyingine hata tovuti haihitajiki: M-Pesa ya Vodacom inatuma pesa kwa kupiga *1122#, hata kwenye simu ndogo isiyo na intaneti.

Kuna pia swali la nani atatunza. AngularJS ya 2010 iliachwa na Google mwisho wa 2021, na waliojenga juu yake ikawabidi waandike upya au wabaki na kitu kisicho na mlinzi. Flash, iliyokuwa kila mahali, ilifungwa mwisho wa 2020. Mfadhili akilipa mara moja na kuondoka, nani Lubumbashi atalipia kuandika upya?

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa wanaotia sahihi mikataba ya kazi hizi, katika serikali ya jimbo na katika mashirika. Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya pesa, mchukue simu ya Android ya bei ndogo, mtoke nayo mjini mpaka reso ibaki 2G, mjaze fomu hadi mwisho. Ikikataa, pesa zisitoke kwanza.