Msumeno Haufunzwi Siku ya Tufani



Kila msimu ukikaribia twakumbushana habari za ngazi, kamba na majamvi. Habari za msumeno hazitajwi mpaka upepo umekwisha kuangusha miti. Kwa maoni yetu, huko ni kuchelewa.

Mkulima wa karafuu hana haja ya kuelezwa nguvu za upepo. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake na kuziharibu merikebu za Seyyid Barghash. Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika, na baada ya hapo ndiyo iliyotangulia katika zao hili. Hata bara, mbali na bahari, mambo haya hutokea. Mwezi wa Machi 2015 mvua ya mawe na upepo viliangusha nyumba za udongo kijijini Mwakata, Kahama, mkoa wa Shinyanga, na watu wasiopungua 38 wakafa.

Baada ya siku kama hizo, kila mtu hutoka na chombo alichonacho. Kijana asiyepata kushika msumeno hupewa, akaambiwa, "Kata!" Huo ndio wakati mbaya kabisa wa kuanza kujifunza, kwa sababu mti ulioangushwa na upepo si gogo lililolala. Umepinda na kujibana, na nguvu iliyomo ndani yake yangoja kufunguliwa tu.

Gogo lililoshikwa ncha zote mbili, katikati likaning'inia, limebanwa upande wa juu. Ukilikata kutoka juu mpaka mwisho, msumeno utakamatwa. Kata kiasi cha theluthi juu, kisha umalizie kutoka chini. Au utie kabari nyuma ya msumeno ili njia isijifunge. Tawi lililoshikwa ncha moja tu ni kinyume chake: anza kidogo chini, umalizie juu, lisije likapasuka na kumrudia mkataji. Penye mteremko, simama upande wa juu. Na chini ya shina lililoegemea mti mwingine asisimame mtu yeyote.

Msumeno wa watu wawili, wenye mpini kila ncha, una adabu yake: ni wa kuvuta, si wa kusukuma. Huyu avutapo, mwenzake hulegeza mkono na kuufuata. Akisukuma, bamba hupinda na kazi husimama. Vijana wawili wenye haraka hushindwa na wazee wawili wenye mwendo mmoja.

Huko Katoro, mkoa wa Geita, ambako jamaa za baadhi yetu wapo kwa biashara, wachimbaji wadogo wa dhahabu hutegemeza mashimo yao kwa magogo, nao huyaita matimba. Hakuna mwenye akili amwachiaye mgeni kupanga matimba siku udongo unapoanza kumeguka. Mgeni hufunzwa mapema, kwani kosa la mmoja laweza kuwafukia wengi. Basi kwa nini sisi tumwachie mgeni msumeno siku ya hatari?

Wako watakaosema kwamba siku hizi kuna chenso. Ni kweli, na kazi yake ni kubwa. Lakini njia zikizibwa, mafuta hayafiki, na chenso moja haiwezi kuwa katika mashamba yote kwa siku moja. Tena asiyejua mti umebanwa upande gani, mashine humwongezea hatari.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila shehia iwe na msumeno mmoja wa watu wawili, tupa ya kunolea na kabari mbili, vitunzwe pakavu na kupakwa mafuta. Kabla ya masika, mzee mmoja ajuaye awafunze vijana wawili. Tusingoje tufani: kila mnazi au mwembe uangushwao na upepo mdogo uwe darasa. Wafunzwe pia kutokata ovyo, kwani mkarafuu mchanga uliolala, ikiwa mizizi yake mingi bado imo ardhini, aghalabu waweza kuinuliwa, kuegemezwa na kufukiwa.

Mkarafuu hungojwa miaka mingi kabla ya kuzaa, na kijana hungojwa miaka mingi zaidi. Siku mbili za kufunza si gharama kubwa kwa kuwalinda wote wawili.

Katibu