Jina kubwa au bei ndogo? Soma lebo kwanza



Kuna swali naulizwa karibu kila wiki hapa Gonja. "Bwana shamba, hii ya bei ndogo ni sawa na ile tuliyoizoea?" Wakati mwingine mtu ameshika sabuni, mara nyingi ameshika dawa ya kupulizia au anaulizia mbolea. Leo naandika jibu langu ili nisilirudie kila njia panda.

Mara nyingi ni sawa. Ila usiniamini mimi, amini lebo.

Sisi tuna tabia ya kugeuza jina la kampuni kuwa jina la kitu. Dukani tunasema "nipe jiki" hata kama chupa ina jina lingine. Shambani tunasema "nipe randapu" kwa kila dawa ya kuua majani. Roundup ilianza kuuzwa mwaka 1974 na kampuni ya Monsanto ya Marekani. Kinachoua majani ndani yake, yaani kiambata amilifu, kinaitwa glyphosate. Haki ya kampuni hiyo kukimiliki peke yake nchini Marekani ilikwisha mwaka 2000. Leo viwanda vingi duniani vinatengeneza kitu hicho hicho. Kwa hiyo ukikuta chupa mbili zimesajiliwa, zote zimeandikwa glyphosate gramu 480 kwa lita, usiogope ile ya bei ndogo kwa sababu tu hujawahi kulisikia jina lake.

Sisemi zinafanana kwa kila kitu. Kuna vichanganyio vinavyosaidia dawa kushika kwenye jani, na kampuni hutofautiana hapo. Ndiyo maana nashauri ujaribu kwanza kwenye jaruba moja kabla ya kununua ya shamba zima.

Sasa kosa la kwanza ninaloliona ni kulinganisha chupa kwa chupa. Linganisha gramu. Tuseme lita moja ya dawa ya wadudu yenye lambda-cyhalothrin gramu 50 inauzwa shilingi 12,000, na nyingine yenye gramu 25 inauzwa shilingi 8,000. Wengi watachukua ya 8,000. Lakini ili upate gramu 50 utahitaji lita mbili, yaani shilingi 16,000. Hapo rahisi imekuwa ghali. Na ukiitumia kwa kipimo cha ile kali, wadudu hawafi, halafu unasema dawa ni feki. Dawa haikuwa feki, hukusoma.

Mbolea ni hivyo hivyo. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni asilimia 46, sawa na kilo 23. Mfuko wa SA wa kilo 50 una asilimia 21, sawa na kilo 10 na nusu, ingawa una salfa ambayo urea haina. Kama shida ya mpunga wako ni nitrojeni, SA ya bei ndogo si lazima iwe nafuu. Lakini urea ya kampuni hii na urea ya kampuni ile, zote 46, ni urea.

Kuna utafiti ulifanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2021. Watafiti walinunua urea kwenye maduka ya pembejeo, wakaipima maabara. Wakulima wengi waliamini mbolea ya madukani ni mbovu, lakini vipimo vilionyesha nitrojeni iko sawa. Kilichowatia shaka wakulima ni sura: mabonge na rangi iliyobadilika. Kwa hiyo jicho letu peke yake linaweza kutudanganya, kwa mbolea nzuri na kwa mbaya.

Basi ubaya uko wapi? Kwa maoni yangu uko kwenye kupimiwa.

Mama mmoja wa huku Maore alinijia akilalamika kwamba dawa ya bei nafuu imemwangusha, maharage yameliwa yote. Nikamwomba nione chupa. Akatoa chupa ya maji ya kunywa, imebaki dawa nyeupe chini. Hakuna lebo, hakuna tarehe, hakuna jina. Alipimiwa kwa kifuniko. Hatukuweza kujua alinunua nini, wala kama ilichanganywa na maji. Alikuwa ametumia hela ya ada ya mtoto. Na kilichonitisha zaidi si maharage. Chupa ile ilikuwa inakaa jikoni, na nyumba ina watoto wadogo. Mtoto akiona dawa nyeupe kwenye chupa ya maji atajua ni maziwa.

Kumbuka pia kwamba mwigaji huiga jina linalouzwa. Hakuna anayehangaika kughushi jina lisilojulikana. Kwa hiyo kulipa bei kubwa kwa jina kubwa, kwenye duka lisilotoa risiti, hakukulindi.

Kabla hujatoa hela, fanya haya:

1. Dawa ya shamba: iwe imefungwa kiwandani, ina namba ya usajili, kiambata amilifu na gramu zake, tarehe ya mwisho, na rangi ya tahadhari chini ya lebo. Nyekundu ni hatari zaidi, kijani ni hatari kidogo. Mamlaka inayosajili sasa ni TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.
2. Mbolea: soma namba kwenye mfuko, angalia uzi wa kushonea haujafumuliwa. Msimamizi ni TFRA.
3. Mbegu: tafuta lebo ya TOSCI. Hapa jina la aina ya mbegu lina maana, maana aina tofauti ni mmea tofauti.
4. Vitu vya nyumbani: tafuta alama ya TBS, linganisha uzito na bei, si ukubwa wa pakiti. Jiki iliyokaa juani hupoteza nguvu, hata iwe ya jina gani.
5. Dai risiti. Bila risiti huna pa kuanzia kulalamika.

Na wewe mwenye duka, najua mteja wako hana hela ya lita nzima. Usimpimie. Agiza vifungashio vidogo vya mililita 100 vilivyofungwa kiwandani, au waambie majirani watatu wachange wanunue chupa moja. Ukimpimia umempunguzia bei leo, lakini umempoteza msimu ujao.

Ukiwa na shaka na chupa, njoo nayo ofisini kabla hujaifungua. Tutaisoma pamoja.

Kazi njema.